Jinsi ya Kukusanya na Kuandika Maoni ya Wasikilizaji wa Albamu ya Panki Yenye Lahani Hapa Unguja

Mtu akisikilizishwa albamu ya muziki asiouzoea kisha akaulizwa ameionaje, jibu lake la mwanzo aghalabu hutoka kwenye adabu yake na si kwenye masikio yake. Atasema "haina neno", au "si haba", na ikiwa aliyemwalika amemkirimu kahawa na kashata, atasema "nzuri sana" kisha aulize khabari za watoto. Majibu ya namna hiyo yanatosha kwa mazungumzo ya barzani, lakini hayamfai anayetaka kuandika kwa uaminifu jinsi muziki fulani ulivyopokewa na watu fulani. Maelezo haya ni kwa ajili ya mtu huyo, na hasa yule anayetaka kuifanya kazi hiyo kwa muziki wa panki yenye lahani, yaani ile roki ya mbio na ya gitaa lenye mkwaruzo, ambayo ndani ya kelele zake mna lahani nyepesi kushikika. Msimamo unaoyaongoza ni mmoja: maoni ya msikilizaji yana thamani pale yanapoweza kuoneshwa mahali pake ndani ya wimbo.

Kuchagua albamu

Usianze na albamu unayoipenda kuliko zote, kwani utajikuta unaitetea badala ya kusikiliza wenzako wanasema nini. Chagua albamu fupi, ambayo historia yake inajulikana, na ambayo nyimbo zake hazina mwendo mmoja. Mimi hupendekeza Dookie ya Green Day, kundi la watu watatu kutoka California, Marekani: Billie Joe Armstrong, mwimbaji na mpiga gitaa, Mike Dirnt, mpiga besi anayeitikia, na Tré Cool, mpiga dramu. Ilitoka tarehe 1 Februari 1994 chini ya kampuni ya Reprise, na mtayarishaji wake alikuwa Rob Cavallo akishirikiana na kundi lenyewe. Ina nyimbo 14 zilizoandikwa kwenye orodha na mmoja uliofichwa mwishoni, na zote pamoja hazifikishi dakika 40, muda ambao katika taarab asilia ungemalizwa na bashraf, yaani ala za kufungulia bila ya kuimba, na nyimbo chache tu.

Ziko albamu nyingine zinazostahiki. Ile ya kwanza ya Ramones, ya mwaka 1976, ina nyimbo 14 kwa muda usiofika nusu saa, na Suffer ya Bad Religion, ya mwaka 1988, ina nyimbo 15 zinazopita kwa dakika 26 hivi, zikiwa na maneno mazito na sauti za kuitikia zilizopangwa kwa ustadi. Nimeziweka nyuma kwa sababu za kikao tu: nyimbo za Ramones kwa sikio geni hufanana mno, na Suffer hukimbia kiasi kwamba msikilizaji mpya hapati pa kushika kabla wimbo haujakwisha. Katika Dookie, "Burnout" hukimbia, "When I Come Around" hutembea, na "Pulling Teeth" huimbwa kwa sauti mbili zilizolaliana, kwa utulivu ambao hata asiyependa gitaa la mkwaruzo huweza kuuvumilia.

Kabla ya kumwalika mtu yeyote, soma maneno ya nyimbo zote. Yamo matusi, na "Longview" husimulia uvivu wa kijana aliyejifungia nyumbani pamoja na mambo yake ya faragha ambayo hayasemwi mbele ya wazee. Usidhani kwamba Kiingereza kitayaficha, maana vijana wa skuli wanaelewa vizuri, na kijana anayeelewa neno ambalo baba yake aliye ubavuni halielewi hatasikia muziki tena. Ataona haya mpaka mwisho wa kikao. Dawa yake ni kuwaalika wazazi na watoto wao katika vikao tafauti, na kumwambia kila mwalikwa mapema kwamba lugha ya humo si safi, ili asiyetaka abaki nyumbani kwake kwa wema.

Mahali, wakati na spika

Chumba cha ndani ni bora kuliko barza. Barzani kila mpita njia hutoa salamu, na salamu lazima ijibiwe, na kwa hesabu ya watu wanaopita katika vichochoro vya Mji Mkongwe jioni, albamu ya dakika 40 itakatika mara zisizo idadi. Saa nzuri kwa wanaume ni baada ya sala ya Isha. Kwa akina mama wengi ni alasiri, baada ya kazi za jikoni, na kikao chao kiongozwe na mwanamke mwenzao ikiwa unataka wazungumze bila ya kujizuia. Adhana ikisikika, simamisha muziki, ngoja imalizike, kisha uanze tena wimbo uliokatika kutoka mwanzo wake. Mwezi wa Ramadhani uache kabisa, na kukiwa na msiba mtaani, ahirisha bila ya kuulizwa.

Kuhusu spika, usitumie ile ya simu. Sababu yake husikika wazi katika "Longview", ambao huanza kwa dramu na besi peke yake, gitaa likiwa limenyamaza: mpigo wa dramu unazunguka, na juu yake besi inatembea kwa kujivuta, nusu ya kuimba, na mpango huo ndio unaozibeba beti zake. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti nzito za besi, kwa hiyo msikilizaji husikia dramu zikigonga na juu yake hamna kitu, na atakwambia kwa haki kabisa kwamba wimbo umeanza vibaya. Maoni hayo yatakuwa ya simu yako, hayatakuwa ya albamu. Tafuta spika yenye besi ya wastani, ichaji tangu mchana kwa kuwa umeme hauaminiki, uiweke juu ya meza badala ya sakafuni, na sauti iwe kubwa kiasi cha kumlazimisha mtu anyanyue sauti yake kidogo akitaka kumsemesha jirani, lakini si zaidi ya hapo. Panki ikipigwa chini sana hugeuka mkwaruzo mtupu. Ikipigwa juu sana, wazee watataka kuondoka na majirani watakuja.

Pakua albamu nzima kabla, usitegemee bando siku ya kikao, na hakikisha programu ya kusikilizia haichanganyi mpangilio wa nyimbo. Mpangilio nao ni sehemu ya kazi: "Chump" humalizikia kwa kelele inayoviringika na kuingia moja kwa moja ndani ya "Longview", na ukiichanganya orodha, mshono huo hukatika na msikilizaji ataona wimbo mmoja umekatwa mkia na mwengine umeanza ghafla.

Nani aalikwe, na nani aseme mwanzo

Watu sita au saba wanatosha. Zaidi ya hapo, wawili watazungumza na waliobaki watatikisa vichwa. Mchanganyiko ndio unaoleta faida: mtafute angalau mmoja aliyekulia ndani ya taarab, na Unguja watu hao hawakosekani, kwa kuwa Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905 na Culture Musical Club tangu 1958; mtafute kijana anayesikiliza Zenji Fleva na muziki wa kisasa; mtafute aliyesomea muziki, pengine katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambaye anaweza kukutajia noti anayoisikia; kisha mtafute mtu ambaye muziki si shughuli yake hata kidogo. Huyu wa mwisho mara nyingi ndiye atakayekupa sentensi utakayoinukuu.

Jambo la kuzingatia kuliko yote katika mpango huu ni zamu ya kusema. Kwa desturi yetu mkubwa hupewa nafasi ya kwanza, na desturi hiyo ni njema, lakini katika kikao cha kusikiliza huua maoni ya wengine wote. Maalim akishasema kwamba huo si muziki bali ni ugomvi, hakuna kijana atakayethubutu kusema kwamba wimbo wa saba umemsisimua. Njia ya adabu ya kulitatua hilo ni kumwomba mkubwa, mbele ya watu, awe mwenye kufunga: "Maalim, sisi tunaomba wewe utumalizie, ukishatusikiliza sote." Hakuna atakayekataa cheo hicho. Hapo vijana husema mwanzo, wa makamo wakafuata, na Maalim akawa na la kujibu badala ya kuwa na la kuamuru.

Usiwape waalikwa historia ya kundi kabla ya kusikiliza. Usiwaambie imeuza ngapi, wala nani aliisifu. Mtu akishaambiwa kwamba kitu kimenunuliwa na mamilioni, hujiona ana kazi ya kukubaliana nao au kuwapinga, na muziki wenyewe hupotea katikati.

Kikao cha kwanza: kutunza kwa vikaratasi

Wasikilizaji wa taarab wana njia yao ya kutoa maoni, na ni njia ya makini kuliko alama za nyota au za kumi kwa kumi. Beti likimgusa mtu, hunyanyuka akaenda mbele kwa mwendo wa kucheza, akamtunza mwimbaji pale pale, wakati neno lingali hewani. Noti ile ya fedha hutangaza kwamba mtu huyu ameguswa na mahali hapa, si na wimbo kwa jumla. Ichukue desturi hiyo uifanye chombo chako cha kazi.

Mpe kila msikilizaji vikaratasi vitano vyenye alama yake, na uweke bakuli katikati ya mkeka. Mwambie kwamba anapoguswa na mahali fulani, kwa raha au kwa kushangazwa, atie kikaratasi kimoja bakulini bila ya kusema neno, na kwamba vikimalizika vimemalizika. Wewe au mwenzako mkae na daftari na simu inayoonesha dakika na sekunde za wimbo. Kila kikaratasi kikianguka, andikeni namba ya wimbo, wakati wake, na alama ya aliyetia. Uchache wa vikaratasi ni wa makusudi, kwani humfanya mtu afikiri kabla ya kutunza, na anayebakiwa na vitatu mpaka mwisho amekupa maoni pia. Anayemaliza vyote kabla ya wimbo wa tano naye usimcheke. Mwandike kama alivyo.

Kuna tafauti moja na taarab ambayo inakusaidia. Katika taarab, na hasa katika rusha roho, wengi hutunza kwa sababu neno limemchoma mtu aliyekaa upande wa pili wa ukumbi, wala lahani haikuwa na kazi kubwa hapo. Katika kikao hiki maneno ni ya Kiingereza, yameimbwa haraka na kwa kuvutwa puani, na wengi hawatayakamata. Kwa hiyo vikaratasi vya kikao cha kwanza huwa vimetunza sauti: mahali dramu zilipoingia, mahali sauti ya pili ilipokuja juu ya ya kwanza, mahali kila kitu kiliponyamaza. Tazama hasa "Basket Case", wimbo wa saba. Huanza kwa gitaa lililobanwa kwa kiganja na sauti ya mwimbaji tu, kisha besi na dramu huingia na chumba kizima kikajaa. Ikiwa vikaratasi viwili au vitatu vitaanguka karibu na mahali hapo, umepata jambo la kuandika ambalo hakuna aliyelazimishwa kulisema.

Usisimamishe muziki baina ya nyimbo. Albamu ichezwe moja kwa moja, na maswali yasubiri. Mwishoni una mtego mdogo ambao waandaaji wamekuachia wenyewe: wimbo wa 14 huanza taratibu kwa gitaa lisilo la umeme, ukalipuka, ukaisha, kisha ukaja ukimya wa zaidi ya dakika moja, na baada yake wimbo wa mzaha ulioimbwa na mpiga dramu. Watu watadhani kumekwisha. Atanyanyuka huyu kutafuta viatu, yule ataanza kumimina kahawa. Wewe nyamaza, na uandike nyuso zao sauti ile itakapotokea. Baadhi ya programu zimeutenga wimbo huo uliofichwa na kuondoa ukimya, basi angalia nakala yako mapema.

Maswali ya baada ya kusikiliza yawe machache na yawe ya mahali. "Umependa?" ni swali la kulifuta kabisa kwenye daftari. Uliza: ulitaka kunyanyuka wapi? Wapi ulichoka? Wimbo gani uliona umemalizika kabla ya wakati? Kikaratasi chako cha tatu ulikitia kwenye wimbo wa tano, kulikuwa na nini hapo? Swali kama hili la mwisho ndilo lenye nguvu zaidi, kwa sababu mtu hawezi kulijibu kwa "haina neno". Nilipata kumsikia kijana akimuuliza mzee wa fidla, "Maalim, hapo ulipocheka ulisikia nini?" na mzee akajibu, "Ah, mwanangu, huyo wa ngoma hapumui! Nilikuwa namngoja apumue." Ukilichimba jibu hilo utaliona limebeba uchambuzi kamili: msikilizaji wa taarab hungojea nafasi baina ya mwimbaji na ala, mahali ambapo fidla hujibu, na katika muziki huu nafasi hiyo imejazwa na dramu.

Vivyo hivyo, utaambiwa na wengi kwamba nyimbo "zimekatwa". Wimbo wa 11 katika albamu hii haufiki dakika mbili, wala wa 12, wala wa 13, na mtu aliyezoea bashraf, kisha beti, kisha kipokeo, kisha ala zikajibu, huona ameoneshwa mlango wa nyumba akafukuzwa. Usimsahihishe, wala usimweleze kwamba ufupi ndio mtindo wa panki. Andika kwamba ameona wimbo ni mfupi, na uandike anatokea kwenye muziki gani. Msomaji atazipima mwenyewe hizo mbili. Atakayesema kinyume chake mara nyingi ni mpenzi wa kidumbak, ambako vyombo ni vichache, sanduku limegeuzwa besi, na watu hawaji kukaa kitako. Huyo husikia udugu mapema kuliko wenzake, na mimi naona yuko karibu zaidi na ukweli kuliko wale wanaotafuta mfanano na roki nyengine.

Kikao cha pili: maneno

Kikao cha pili kifanyike siku nyengine, na kiwe kifupi. Kabla ya muziki kupigwa, mwulize kila mmoja jambo moja: tangu siku ile, kuna kipande chochote kilichokurudia kichwani? Mwombe akiimbe kwa mdomo uliofungwa. Panki yenye lahani husimama au huanguka hapo, maana mtu anaweza kuwa amelalamikia kelele usiku mzima kisha kesho yake akajikuta anaosha vikombe huku akivumisha kipokeo cha "When I Come Around". Rekodi uvumishaji huo kwa simu, kwa idhini yake, na ulinganishe na wimbo. Ikiwa amekosea noti mbili tatu, angalia amezikosea kuelekea wapi, kwani mtu huivuta lahani ngeni kwenye njia anayoijua, na hiyo ni khabari kubwa kwa mwenye kuandika.

Kisha chagua nyimbo tatu ambazo maneno yake unaweza kuyaeleza mbele ya watu, na ueleze maana yake kwa muhtasari bila ya kutafsiri mstari kwa mstari. "Basket Case" unafaa kuliko wote. Lahani yake ni ya furaha, inapanda na kushuka kwa mpango unaotabirika, na waliotia vikaratasi mara ya kwanza watakuwa wamedhani ni wimbo wa kijana anayejifurahisha. Ukweli ni kwamba Armstrong aliandika kuhusu fazaa iliyokuwa ikimshika, hata asijue kama akili yake ingali timamu. Waeleze hivyo, uupige tena, uwaache watie vikaratasi upya. Wengine watahamisha vikaratasi vyao kutoka kwenye dramu kwenda kwenye sauti ya mwimbaji. Wengine watasema kwamba hawaupendi tena, kwa kuwa hawaoni vipi mtu alie kwa lahani ya kuchezea. Na atatokea atakayekumbusha kwamba katika taarab pia mtu huimba kuachwa kwake huku ukumbi mzima unacheza. Waache wajadiliane hapo kwa muda wanaoutaka, na usiingie. Hapa ndipo kikao kinapolipa gharama zake.

Kuisoma lugha ya adabu

Mwandishi asiyeijua lugha ya adabu ya hapa ataandika kwamba albamu imependwa na wote, na atakuwa amewadhulumu. "Si mbaya" ikisemwa haraka ni kukataa. Ikisemwa taratibu, baada ya kufikiri, ni sifa. "Kila mtu na lake" maana yake mtu hakupenda na hataki kukuudhi. "Inshaallah tutasikiliza tena" ni kufunga mlango kwa upole, ila ikifuatwa na "lini?" basi amekusudia kweli. "Wenyewe wanajua" ni hukumu kali sana kuliko inavyosikika. "Makelele" nayo inahitaji kuulizwa zaidi: muulize makelele ya nini, ya gitaa au ya sauti, na yalianza wapi. Mara nyingi utagundua kwamba kilichomchosha ni wingi wa nyimbo zinazofuatana bila ya pumziko, na kwamba wimbo mmoja mmoja hana ugomvi nao.

Andika neno lenyewe kama lilivyotamkwa, na pembeni uandike namna lilivyotamkwa. Usiliboreshe kwa Kiswahili cha vitabuni. Mtu aliyesema "mie huyu kanichosha roho" usimwandike kwamba "msikilizaji alionesha kutoridhika".

Kuandika

Ukishakuwa na daftari la vikaratasi, majibu, na uvumishaji, pinga kishawishi cha kuyagawa maoni mafungu mawili, ya waliopenda na ya wasiopenda. Yapange kwa kufuata albamu yenyewe, kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na pasipo na neno lenye uzito pita. Hakuna haja ya kila wimbo kupata sehemu yake. Ikiwa "Sassafras Roots" haikumgusa yeyote, sentensi moja inatosha. Wastani wa alama nao uuache, kwani watu saba hawafanyi wastani wowote wa maana, na tarakimu humfanya msomaji asiyatazame maneno.

Mfano wa aya ninayoikusudia ni huu: "Katika wimbo wa saba, vikaratasi vitatu vilianguka pale dramu zilipoingia. Mshonaji nguo wa makamo, ambaye husikiliza taarab ya zamani tu, alisema kwamba alidhani mwimbaji ataendelea na gitaa peke yake na alikuwa ameshakaa vizuri kumsikiliza, 'wakaja hawa wakanishtua'. Alipoelezwa maana ya maneno siku ya pili, alisema kwamba sasa ule mshtuko ameuelewa. Kijana wa chuo aliyekuwa jirani yake hakutia kikaratasi hapo, na alipoulizwa alisema ameshauzoea wimbo huo, akaongeza kwamba yeye humpenda mpiga besi kuliko mwimbaji." Aya hiyo haimwambii msomaji kama wimbo ni mzuri. Inampa mahali, mtu, neno lake, na kilichobadilika, naye akiusikiliza wimbo anaweza kuhakikisha.

Majina usiyaandike bila ya idhini. Kazi, umri wa makadirio na muziki anakotokea mtu yanatosha. Mji ni mdogo, na mpiga ala ya kanuni wa umri fulani kutoka mtaa fulani hujulikana kabla hujamaliza sentensi, kwa hiyo punguza alama zinazomfichua. Mwoneshe kila mmoja aya inayomhusu kabla hujaisambaza. Akitaka neno litolewe, litoe. Akitaka kuligeuza kuwa sifa kwa sababu ya kukuhurumia, mwombe kwa upole aliache kama alivyolisema.

Mwisho wa makala, na hapo tu, ndipo unapoweza kuyaweka maoni ya Unguja karibu na yale ya kwao kulikotoka albamu. Kabla ya Dookie, Green Day walikuwa na kampuni ndogo ya Lookout na walizoeleka katika klabu ya 924 Gilman Street huko Berkeley, ambayo haikuruhusu makundi yaliyosaini na kampuni kubwa. Waliposaini na Reprise, mlango ule ulifungwa kwao, na mashabiki wengi wa zamani waliwaita wasaliti. Huku nyuma albamu ikauza zaidi ya nakala milioni 10 Marekani peke yake, ikapata tuzo ya Grammy ya muziki mbadala mwaka 1995, na mwaka 2024 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza katika orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kwa umuhimu wake. Ugomvi ule ulihusu mwenendo wa wanamuziki na fedha. Wasikilizaji wako hawakuujua, na kwa sababu hiyo walichokisema kimeihusu sauti. Yaweke mawili hayo kando kwa kando na umwachie msomaji, bila ya kuamua nani kasikia vizuri zaidi.

Ukitaka kuendelea, rudi kwa watu hao hao baada ya miezi michache na Suffer, ambayo sasa masikio yao yatakuwa tayari kuifuata kwa kasi yake. Tumia bakuli lile lile na idadi ile ile ya vikaratasi ili uweze kulinganisha, na daftari la mwanzo usiwaoneshe mpaka wote wawe wameshasema.